Askofu Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Mama Mkubwa Ubaldina alifika kwetu Jumapili na vitu vitatu: begi la nguo, fimbo ambayo hakupenda watu wamwone akiitegemea, na kikapu kilichofungwa kamba juu. Ndani ya kikapu kulikuwa na kitu kinacholia.

"Huyo ni kuku?" mama yangu aliuliza kutoka juu ya ngazi, ingawa alisikia vizuri kabisa kwamba si kuku.

"Ni Askofu," Mama Mkubwa alisema. "Asipoingia yeye, siingii mimi."

Mzee Temístocles, jirani yetu aliyemleta kwa gari lake la mizigo, alishusha begi na kufuta jasho. "Betsabé, wafungulie waingie. Njia nzima tangu Pile amekuwa akihubiri huyo. Hata injini sikuisikia."

Mama akasogea pembeni. Mama Mkubwa akapanda ngazi moja moja, mguu mzima kwanza, mguu mbovu nyuma. Mimi nilibeba kikapu. Kilikuwa kizito, na kati ya fito zake jicho la kijani lilikuwa linanitazama.

Mguu ule uliharibika wakati wa mvua. Mama Mkubwa aliteleza kwenye ngazi ya nyumba yake huko Pile, akaanguka chini, akalala pale tangu asubuhi mpaka jua linazama. Alikuwa akiishi peke yake. Kilichomwokoa ni huyo paka. Alikaa kwenye kidato cha juu akapiga kelele bila kunyamaza, mpaka watu waliokuwa wakirudi kutoka kukata toquilla, majani ya kusukia kofia, milimani wakachungulia kuona anauawa nani. Tangu siku hiyo mama yangu hakupata usingizi mzuri. Alimbembeleza dada yake miezi miwili. Mwishowe Mama Mkubwa alikubali kuja kujaribu tu. "Kujaribu," alisema, na kila mtu alielewa kwamba mlango wake huko Pile hakuufunga kwa kufuli.

Shida ni kwamba sisi tulikuwa na paka wawili tayari. Karanga ni jike, rangi yake kama karanga zilizokaangwa. Kigutu ni ndugu yake wa tumbo moja, aliyekatwa mkia na mlango alipokuwa mdogo. Wote wawili walizaliwa chini ya rafu tunapoweka majani yetu, na kazi yao ni kuwazuia panya wasiyatafune. Sisi tunasuka kofia. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba, naye alifundishwa na Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa hakungoja hata maji ya kunywa. Aliweka kikapu katikati ya sebule na kukata kamba.

Askofu aliruka nje. Alikuwa mweusi tii, na shingoni ana ukosi mweupe, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kigutu alikuwa amelala dirishani. Aliinuka, akajaza manyoya mpaka akawa mara mbili, na kile kisiki cha mkia kikasimama kama brashi. Sikuona aliyeanza. Niliona vitu viwili vikizunguka chumba, Karanga akiwafuata kwa nyuma, kiti kikaanguka, na gogo langu la kusukia likayumba. Kofia iliyokuwa juu yake ikabiringika mpaka chini ya meza.

Mama aliiokota. Aliigeuza kwenye mwanga, akaitazama sana, halafu akanipa. "Angalia wewe."

Chane moja, jani lililochanwa jembamba kama uzi, ilikuwa imekatika. Miezi miwili ya vidole vyangu, na chane moja tu. Nilijua nitaweza kuiunga isionekane, lakini sikusema, maana walikuwa wameshaanza wao.

"Paka wenu hawana adabu," Mama Mkubwa alisema.

"Wako kwao," mama akajibu.

Mama Mkubwa alimtazama mdogo wake, kisha akainama polepole kumtafuta Askofu chini ya kabati.

"Umesema kweli," alisema akiwa bado ameinama. "Wako kwao. Na mimi kwangu ni Pile. Temístocles anakwenda kuchukua majani kila Jumamosi, au siyo?"

"Dada, mimi sikusema wewe..."

"Jumamosi nitapanda naye."

Sasa jambo lilikuwa wazi. Tulikuwa na siku sita. Paka wasipopatana, Mama Mkubwa atarudi kwenye ile ngazi, na safari ijayo watu wanaorudi mlimani huenda wasipite mapema.

Jumatatu asubuhi mama aliamua kwamba Askofu amekuja na hewa mbaya kutoka mahali alipoangukia dada yake. Kwetu mtu akitoka kwenye ugonjwa au ajali husafishwa kabla hajakaa na wengine, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mama aliwasha vijiti vya palo santo, mti wa kufukizia, ndani ya kopo na kupita pembe zote nne za nyumba mpaka macho yakatuwasha. Kisha akaleta kicha cha ruda, jani lenye harufu kali, na mrehani, na chupa ya pombe kali ya miwa.

Nilidhani Mama Mkubwa atakataa. Kumbe alikunja mikono ya gauni lake. "Ruda yako imekauka," alisema. "Nenda ukachume ya leo. Na usimpulizie machoni."

"Nani aliyekufundisha wewe kupuliza?"

"Mama yetu, kabla wewe hujaota meno. Shika miguu ya nyuma."

Walifanya pamoja. Mmoja anashika, mwingine anampigapiga paka kwa majani tangu kichwa mpaka mkia, kisha anajaza pombe mdomoni na kumpulizia. Wa kwanza Askofu, wa pili Kigutu, wa tatu Karanga. Kila mmoja alipoachiliwa alikimbia akipiga chafya. Mama na Mama Mkubwa walibaki wamekaa sakafuni, mikono imejaa mikwaruzo, wanacheka. Lilikuwa jambo la kwanza walilofanya bila kugombana tangu Jumapili, na ndilo lililoharibu mambo yote.

Mchana ule Karanga alimwendea ndugu yake chini ya rafu kumlamba masikio, kama anavyofanya kila siku baada ya kula. Alinyoosha pua. Akanusa. Akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha akamzaba kofi. Kigutu naye akamnusa, akanguruma. Mpaka jioni ikawa kila paka ana maadui wawili. Karanga alihamia juu ya kabati la vyombo, Kigutu chini ya kitanda changu, na Askofu kwenye mapaja ya Mama Mkubwa, ambako alikuwa akimkoromea mtu yeyote anayepita.

Mzee Temístocles alikuja kuazima nyundo akawakuta hivyo. "Mmewatakasa mpaka wamesahau ubatizo wao," alisema.

"Nyundo iko jikoni, jirani," mama alimjibu. "Na mlango ni ule ule ulioingilia."

Mimi nilikuwa nasuka. Mtu akisuka husikia mengi kwa sababu watu husahau kwamba yupo. Nilikuwa nafikiria jambo lililotokea mwaka jana. Kigutu aliingia kulala ndani ya sanduku lililoleta kofia zilizotoka kufukizwa salfa ili ziwe nyeupe. Alipotoka ananuka salfa, Karanga alimkataa siku mbili nzima. Siku ya tatu Kigutu alikwenda kugaragara kwenye gunia la vipande vya chane tunavyokata na kutupa, pale wanapolala siku zote, na jioni Karanga akamlamba kama kawaida.

Basi tatizo halikuwa hewa mbaya. Paka hawatazamani sura wakajuana. Pua ndiyo inayomwambia huyu ni nani, na mama zangu wawili walikuwa wamewapaka wote harufu ya watu wasiojulikana.

Sikulisema. Mama Mkubwa na mama wakiwa wanazungumza, nafasi ya neno la tatu huwa haipo, na mimi si mtu wa kuitafuta. Nilinyanyuka tu. Nilichukua lile gunia la vipande, nikalimwaga kwenye sanduku chini ya rafu, nikawawekea Karanga na Kigutu sahani zao huku na huku. Kisha nikaenda kwenye chumba cha Mama Mkubwa na beseni la mchanga, na bakuli la maji.

"Hivyo vya nini, Narcilda?"

"Vya Askofu. Akae humu ndani. Mlango ufungwe."

"Unamfunga?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Kidogo."

"Basi nifunge na mimi," alisema, akaingia na paka wake na kuuvuta mlango.

Alikaa humo kweli. Nilimpelekea chakula chake humo humo, ndizi zilizopondwa na jibini, na kahawa. Mama alisema dada yake anafanya hivyo ili kumtia aibu. Huenda. Lakini Askofu alitulia. Jumanne alilala kitandani tumbo juu.

Jumanne hiyo hiyo jioni Karanga aliingia kwenye sanduku la vipande. Kigutu alikuwamo tayari. Alimnusa shingo, akasita, akamnusa tena, kisha akalamba sikio moja. Moja tu, lakini nilipumua.

Nilikwenda kugonga mlango wa Mama Mkubwa. "Naomba kitambaa chako cha kichwa. Kile cha zamani."

"Cha nini?"

"Nimfute Askofu mashavu."

"Ana makamasi?"

"Hapana. Nataka harufu yake."

Mama Mkubwa alikifungua kitambaa kichwani mwake mwenyewe. "Hebu nifanye mimi. Wewe atakung'ata." Alimsugua Askofu chini ya masikio na kwenye kona za mdomo, taratibu, na paka akasukuma kichwa mkononi mwake akitaka zaidi. "Na hao wa kwenu?"

"Nimewafuta kwa sketi yangu ya jikoni. Hii hapa. Iweke anapolala."

Aliipokea, akainusa yeye mwenyewe. "Inanuka samaki," alisema. Lakini aliitandika.

Kile kitambaa nilikiweka hatua tatu kutoka kwenye sahani za Karanga na Kigutu. Kigutu alikikoromea kana kwamba kina meno. Karanga alikizunguka, akala.

Ukuta wa chumba kile ni wa mianzi iliyopasuliwa, kama nyumba yetu yote, na una nafasi ambazo kidole kinapita. Hapo ndipo nilipolishia. Askofu alipewa kichwa cha samaki upande wake, wale wawili upande wa sebule, kwanza mbali na ukuta. Kofia yangu ilikuwa imeshaungwa ile chane na inaendelea, kwa hiyo nilijiwekea kipimo: kila nikimaliza mzunguko mmoja wa kofia, sahani zinasogea shubiri moja. Asubuhi mzunguko mmoja kabla jua halijakausha majani, jioni mwingine. Kwa haraka zaidi ya hapo kofia haisukiki vizuri, na nilifikiri paka nao hivyo hivyo.

Jumatano jioni niliharakisha. Nilisogeza shubiri mbili. Kigutu akamwacha samaki wake, akaenda kukojolea mguu wa meza.

"Nilijua," mama alisema akichukua kitambaa cha kupigia deki. "Huyo hatakubali kamwe. Ana kichwa kama cha baba yako."

Nilirudisha sahani nyuma nilikozitoa.

Alhamisi sahani zilisogea. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia Mama Mkubwa akimwambia Askofu, "Kula. Usiwatazame. Mtu akila kwa watu hatazami sahani za wenyewe." Ijumaa asubuhi zikasogea tena. Mama alipita na kopo la palo santo kufukuza mbu, nami nikalichukua mkononi mwake na kuliweka nje kwenye ngazi. Mama alikaa kwenye kiti chake, akaichukua kofia yake, akaileta karibu sana na pua, kisha akaiweka.

Ijumaa jioni sahani ziligusa mianzi kutoka pande zote mbili. Karanga alikula bila kuinua kichwa. Kigutu alikula nusu, akaacha, akapitisha mkono kwenye nafasi. Askofu akaunusa. Kigutu akampiga. Nilisikia lile kofi, lilikuwa laini, kucha zikiwa ndani. Askofu hakujibu. Aliendelea na samaki wake.

Jumamosi gari la Mzee Temístocles lilisimama chini ya nyumba saa mbili asubuhi. Nilipotoka jikoni Mama Mkubwa alikuwa amesimama sebuleni, mlango wa chumba ameufunga nyuma yake, begi mkononi, kikapu kitupu kwenye mkono mwingine.

"Narcilda, mwanangu, nisaidie kumweka Askofu humu. Mkono mmoja siwezi."

Mama alikuwa mezani anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Mzee Temístocles alikuwa ameshafika mlangoni, kofia mkononi, anatazama dari.

Nilijua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimekifunga kile kikapu kamba mimi mwenyewe.

"Usiende, Mama Mkubwa," nilisema.

Wote watatu wakanigeukia. Masikio yakaniwaka moto.

"Kwa nini nisiende?"

"Kigutu amelala."

"Amelala?" Mzee Temístocles alisema. "Hiyo ndiyo sababu?"

Nilinyoosha kidole. Kigutu alikuwa amelala pale chini, penye sahani, mgongo umegandamizwa kwenye mianzi. Mama Mkubwa akaweka kikapu chini, akasogea, akausukuma mlango kidogo, akachungulia ndani. Nilishajua atakachoona, maana nilikuwa nimechungulia kabla ya kuwasha moto. Askofu alikuwa amelala upande wake, mgongo kwenye mianzi ile ile. Kwenye nafasi moja manyoya meusi yalitokeza sebuleni.

"Paka hampi mgongo anayemwogopa," nilisema.

"Kuna ukuta katikati."

"Ndiyo. Bado uko. Tutauacha uwepo wiki nyingine, au mbili. Halafu tutafungua kidogo." Sikumbuki kama nilishawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya jirani. "Ukiondoka sasa atapata harufu nyingine tena, na mguu wako ni ule ule, na ngazi ni ile ile."

Mama Mkubwa alikuwa bado anatazama manyoya yale.

Mama aliweka kisu chini. "Dada," alisema, "mimi siwezi tena kufunga ukingo."

"Nini?"

"Ukingo wa kofia. Siuoni. Tangu Krismasi Narcilda ndiye anayenifungia, naye ukingo wake si kama wako. Kofia tatu ziko kwenye kabati hazijamalizika."

"Najua," Mama Mkubwa alisema. "Jumapili uliishika kofia ya mtoto kichwa chini miguu juu, unaitafuta chane."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema wewe. Ulisema wako kwao."

"Nilisema paka."

"Nilisikia ulichosema."

Mama alichukua ndizi nyingine, akaizungusha mkononi bila kuimenya. "Basi nimekosea," alisema. "Nilivyosema, na ulivyosikia, vyote. Kaa."

Mzee Temístocles alikohoa. "Mama Ubaldina, mimi gari nimeliacha linaunguruma. Mafuta hayo."

Mama Mkubwa alilishusha begi taratibu, asiwaamshe wale chini. "Si unakwenda Pile hata hivyo? Pita kwangu. Niletee gogo langu, na mto wake wa kuegemea. Na mlango ufunge. Kufuli liko juu ya mtungi."

Gogo lilifika alasiri. Lilikuwa la kale, limekuwa jeusi na kung'aa kwa mikono, na mto wake ulikuwa na shimo pale kifua cha Mama Mkubwa kilipolalia miaka hamsini. Mama alilitazama likiwa mlangoni, akageuka kwenda jikoni, nikasikia kopo.

"Mama, hapana," nilisema. "Usilifukize."

"Limetoka kwenye nyumba ambako mtu alianguka."

"Liache linuke Pile."

Mama alitazama dada yake, akitafuta msaada. Mama Mkubwa aliinua mabega. "Mwenye paka amesema," alisema.

Tuliliweka kwanza chumbani, Askofu akalipaka mashavu yake kila pembe. Baada ya siku tano tukalihamishia sebuleni, nje ya ukuta. Karanga alilikagua kutoka juu mpaka chini. Kigutu alilikoromea asubuhi, na jioni alilala kivulini mwake.

Mlango tuliufungua Jumamosi ya tatu, baada ya kula, wote wakiwa wameshiba. Niliushika mkononi niweze kuurudisha. Mama alikuwa na taulo la kuwatupia wakishikana, na Mama Mkubwa alikuwa amelowesha chane zake tayari, akijifanya hatazami.

Askofu alitoka akitambaa, tumbo chini. Kigutu alinguruma. Askofu akasimama, akatazama pembeni kama aliyesikia kitu barabarani, kisha akaendelea moja kwa moja mpaka kwenye gogo. Akalisugua shavu. Kigutu alimfuata kwa mbali. Alinguruma tena, kwa sauti ndogo, akamzunguka, akangoja aondoke, kisha akalisugua shavu lake pale pale. Nusu saa nzima walikaa, mmoja mlangoni, mmoja dirishani, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho moja. Mama alilaza taulo magotini.

Karanga hakungoja wamalize. Alipanda juu ya gogo, akajizungusha mara mbili, akalala kwenye lile shimo la mto.

Mama Mkubwa alisimama na chane mkononi, maji yakimdondoka vidoleni. "Haya," alisema, "na mimi nitafanyia wapi kazi?"

"Mwondoe," mama alimwambia.

Mama Mkubwa alimtazama Karanga. Akavuta kiti cha mama, akakaa mbele ya gogo la mama, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete moja ya zile kofia tatu," alisema. "Nitaanza na ukingo. Huyu tumwache aamke mwenyewe."